Kubandika Karatasi Ukutani, na Kuibandua Bila Kuiharibu

Katika somo lililopita tulijifunza namna ya kusiriba ukuta wa udongo ukawa laini. Leo tunaendelea na kazi inayofuata baada ya kusiriba, yaani kubandika karatasi ukutani. Wengi wenu mnaifahamu. Mmelala katika vyumba vilivyobandikwa magazeti tangu mkiwa watoto. Lakini kuifahamu kazi ni jambo moja, na kuijua ni jambo jingine. Kuna watu wanabandika leo, kesho asubuhi karatasi imeanguka juu ya kitanda. Kuna wengine wanabandika vizuri, lakini nyuma ya karatasi wamefuga kunguni na ukungu.

Tena liko jambo la pili, ambalo ndilo lililotufanya tuandike somo hili. Nyumba nyingi za zamani za miti na udongo hapa Mbagala zinabomolewa ili kujenga za matofali. Ni jambo jema. Lakini zikibomolewa, kuta zake huanguka pamoja na karatasi zilizobandikwa miaka 40 au 50 iliyopita. Na ndani ya karatasi hizo mna mambo. Tutawaeleza yaliyotupata sisi wenyewe.

NYUMBA YA BIBI

Darasa letu moja la kisomo hukutana kwenye baraza ya nyumba ya bibi mmoja, mbali kidogo na barabara ya Kilwa. Nyumba yake ni ya vyumba sita, vitatu kila upande na ukumbi katikati, na uwani nyuma. Nguzo zake ni boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji. Bibi na marehemu mume wake waliijenga katika miaka ya 1970.

Siku moja mvua ilinyesha, tukaingia ukumbini. Tukaona ukuta mzima umebandikwa magazeti, tabaka juu ya tabaka. La juu kabisa lilikuwa jeusi kwa moshi wa koroboi. Tukamwuliza, "Bibi, haya magazeti yote ni ya nini?"

Akacheka. "Mwalimu, hilo ndilo darasa langu la kwanza. Mchana nilikwenda kisomo, usiku nikisoma ukuta. Mume wangu akibandika gazeti jipya, ndiyo nimepandishwa darasa."

Ndugu wasomaji, hayo si mambo ya kubuni. Mwaka 1967 kati ya watu wazima 100 katika Tanzania Bara, kiasi cha 67 hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kampeni kubwa ikafuata, na mtihani wa taifa ukafanywa mwaka 1975. Wasiojua kusoma wakawa wamepungua hadi kiasi cha 39 katika kila 100. Lakini aliyejua kusoma alihitaji kitu cha kusoma, la sivyo angesahau. Vitabu vilikuwa haba. Gazeti la Uhuru, lililoanza mwaka 1961, au Mzalendo, lililoanza mwaka 1972, likisha kusomwa halikutupwa. Lilifungia dagaa, au lilipanda ukutani. Lililopanda ukutani liliendelea kusomwa na kila aliyelala chumbani humo.

Sasa watoto wa Bibi wanataka kubomoa nyumba ili wajenge mpya. Hapo likazuka neno. Jirani alidai kwamba mpaka wa kiwanja unapita huku, watoto wa Bibi wakadai unapita kule. Wakaulizana: hati ya mauziano iko wapi? Bibi akafikiri siku mbili. Siku ya tatu akatuambia, "Marehemu aliogopa panya na mchwa. Aliniambia karatasi ya kiwanja ameitia ukutani, kwa maana ukuta hauibiwi. Iko chini ya magazeti, lakini sijui upande gani."

Basi watoto wakashika mapanga, tayari kukwangua ukuta. Tukawaambia, "Ngojeni!" Mambo yaliyofuata tutayasema mwishoni. Kwanza tujifunze kazi yenyewe, maana asiyejua kubandika hawezi kujua kubandua.

KAZI HII NI YA ZAMANI, NA SI YA MASKINI PEKE YAO

Wako watu wanaoona haya kwa sababu kuta zao zina karatasi. Wasione haya. Katika karne ya 18 karatasi zilizochorwa kwa mikono huko China zilisafirishwa kwa meli hadi Ulaya, zikabandikwa katika nyumba za matajiri. Nchini Uingereza karatasi za ukutani zilipendwa mno, hata serikali ikazitoza kodi mwaka 1712. Kodi hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1836.

Zamani karatasi ilitengenezwa kipande kimoja kimoja. Mafundi waliunga vipande kwa gundi mpaka wapate karatasi ndefu, inayokunjwa kama mkeka. Ndipo mwaka 1799 Mfaransa mmoja, Louis-Nicolas Robert, akapewa hati ya mashine ya kutengeneza karatasi ndefu isiyokatika.

Mafundi wa huko wanaotengeneza nyumba za kale hata leo hutumia gundi ya wanga wa ngano. Hiyo ni ndugu wa uji wetu wa muhogo. Kwa nini hawatumii gundi kali ya dukani? Kwa sababu gundi ya wanga ikiloweshwa maji hulainika, na karatasi ikatoka nzima. Gundi kali haiachii. Likumbukeni neno hili, tutalihitaji.

Lakini si kila cha kale kilikuwa kizuri. Katika karne ya 19 karatasi nyingi za Ulaya zilitiwa rangi ya kijani iliyotengenezwa kwa arseniki, ambayo ni sumu. Uzuri ulikuwa ukutani, na sumu ukutani.

VIFAA

Tayarisheni vitu hivi:

1. Unga wa muhogo uliochekechwa vizuri, au unga wa ngano.
2. Sufuria, mwiko na ndoo.
3. Brashi pana ya kupakia gundi. Kama hakuna, tumieni kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti.
4. Brashi nyingine kavu, au kitambaa safi cha pamba, cha kulainishia.
5. Mkasi au kisu kikali, futi kamba, na chaki au mkaa.
6. Timazi. Kama huna, funga jiwe dogo kwenye uzi. Uzi ukitulia umenyooka. Jiwe halidanganyi.
7. Meza, mlango uliolazwa, au mkeka safi.
8. Karatasi.

Juu ya karatasi tuna maneno mawili. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa miti iliyosagwa, kwa hiyo mwanga huigeuza haraka ikawa ya manjano, na baadaye hukatika. Karatasi ya khaki ya mfuko wa saruji ni imara zaidi. Wazee wengi waliitanguliza hiyo, kisha gazeti juu yake. Mfuko wa saruji ukung'utwe nje, upande wa upepo, na aliyekung'uta anawe mikono. Vumbi la saruji huunguza ngozi na macho.

UKUTA KWANZA

Karatasi haiponyi ukuta, huufunika tu. Kwa hiyo kabla ya kubandika, ukaguliwe kwa mambo matatu.

Kwanza, unyevu. Chukua kipande cha nailoni, kama kiganja viwili, kibandike ukutani kwa plasta kuzunguka kingo zote. Kiache usiku mzima. Asubuhi kikiwa na matone upande wa ndani, ukuta una unyevu. Usibandike. Tafuta kwanza maji yanatoka wapi: paa linavuja, au maji ya mvua yanasimama karibu na msingi. Chimba mfereji, ngoja ukuta ukauke.

Pili, wadudu. Nyufa za ukuta wa udongo ni nyumba ya kunguni, mende na papasi. Papasi huleta homa ya papasi, ugonjwa unaoacha na kurudi. Ziba nyufa ndogo zote kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga laini. Usibandike juu ya nyufa wazi, maana utakuwa umewawekea wadudu pazia.

Tatu, ufa mkubwa. Wasomaji wa Mbagala hawahitaji kukumbushwa tarehe 29 Aprili 2009, mabomu yalipolipuka katika ghala la jeshi. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Nyumba nyingi zilibomoka na nyingine zilipata nyufa. Baada ya siku zile wako waliobandika karatasi juu ya ufa, wakasema mambo yamekwisha. Hayajaisha. Ufa uliofichwa ni ufa unaoendelea bila mtu kuuona.

Fanya hivi. Kata ukanda wa karatasi nyembamba, upana wa vidole viwili. Ubandike kukatisha ufa, ukaze vizuri pande zote mbili. Andika tarehe juu yake kwa penseli. Ukikauka, uangalie kila wiki. Kama baada ya miezi mitatu ni mzima, ufa umetulia, nawe waweza kuuziba. Kama umepasuka, ukuta unatembea. Muite fundi, na usilaze mtoto karibu na ukuta huo. Mnaona? Kujua kuandika tarehe tu kunaweza kuokoa mtu.

Ukuta ukishakuwa salama, kwangua vumbi lote na upige chokaa nyepesi ukipenda. Chokaa mpya ni kali, huharibu karatasi na rangi. Iache ikauke majuma kadhaa. Baada ya hapo, ukuta unyweshwe: paka gundi nyepesi sana, kama maji ya mchele, uache ikauke. Ukuta ambao haukunyweshwa hunywa gundi yote ya karatasi, na karatasi huanguka.

KUPIKA GUNDI

Chukua kikombe 1 cha unga wa muhogo. Ukoroge katika kikombe 1 cha maji ya baridi mpaka pasiwe na madonge. Chemsha vikombe 5 au 6 vya maji. Mimina ule mchanganyiko kidogo kidogo katika maji yanayochemka huku ukikoroga bila kuacha. Ukiona weupe umepotea na uji unang'aa, umeiva. Epua, funika, uache upoe kabisa.

Gundi ya moto hulegeza karatasi ikachanika. Gundi yenye madonge huacha vipele ukutani, kwa hiyo ichujeni kwa kitambaa.

Uji huu ni chakula, na wadudu wanajua hivyo. Wazee waliweka dawa. Wengine walitia shabu iliyosagwa, kiasi cha kijiko kidogo kwa sufuria. Wengine walitia matone machache ya mafuta ya karafuu, ambayo huzuia ukungu. Wapo waliotia mrututu. Sisi hatuwashauri mrututu, kwa sababu ni sumu na sufuria ni ile ile ya kupikia. Gundi ikishatiwa dawa yoyote, iandikwe SI CHAKULA na iwekwe mbali na watoto. Pikeni ya kutosha siku moja tu. Iliyolala huchacha.

HESABU YA KARATASI

Tuseme ukuta una urefu wa meta 3 na kimo cha meta 2.4. Karatasi yako ina upana wa sentimeta 60 na kimo cha sentimeta 80.

Eneo la ukuta ni 3 × 2.4, yaani meta za mraba 7.2.
Eneo la karatasi moja ni 0.6 × 0.8, yaani meta za mraba 0.48.
Gawanya: 7.2 ÷ 0.48 = 15.

Je, karatasi 15 zatosha? Hapana! Karatasi lazima zipandane kidogo, tuseme sentimeta 2 kila mahali zinapokutana. Karatasi 5 kwa upana ni sentimeta 300, lakini zinapandana mara 4, kwa hiyo tunatoa 8. Zinabaki 292. Umepungukiwa sentimeta 8. Kwa kimo, karatasi 3 ni sentimeta 240, zinapandana mara 2, tunatoa 4. Zinabaki 236. Umepungukiwa sentimeta 4. Mapengo hayo yanazibwa kwa vipande vyembamba, navyo vinakula karatasi 2. Jumla ni 17. Ongeza moja ya makosa, ziwe 18. Fundi asiye na karatasi ya makosa hulazimika kumaliza na kosa lake.

KUBANDIKA

1. Anzia karibu na dirisha, uende mbali nalo. Sababu ni hii: mahali karatasi zinapopandana pana ukingo. Ukianzia dirishani, karatasi ya mbali ipande juu ya ile iliyo karibu na dirisha, ili ukingo wa juu uelekee kwenye mwanga usitupe kivuli, nao ubanwe sawasawa. Jaribuni kwa vipande viwili vikavu kwanza. Simameni mlangoni mtazame. Mkiona kivuli chembamba kama uzi, geuzeni mpando. Mafundi wa zamani walihangaika sana na kivuli hicho.

2. Usifuate pembe ya ukuta. Kuta za udongo hazijanyooka. Tundika timazi umbali wa karatasi moja kutoka pembeni, upige mstari wa chaki. Karatasi ya kwanza ifuate mstari huo. Ikipinda ya kwanza, zote zitapinda, na kosa litazidi kila hatua.

3. Laza karatasi kifudifudi mezani. Paka gundi kutoka katikati kwenda kingoni, ukingo usiachwe mkavu.

4. Ikunje nusu kwa nusu, gundi kwa gundi, bila kukaza mkunjo. Ngoja dakika 3 hadi 5. Hapa ndipo wengi huharibu. Karatasi ikilowa hutanuka. Ukiibandika mara moja, itatanukia ukutani na kufanya mikunjo. Iache imalize kutanuka mezani. Karatasi ya gazeti ni nyembamba, dakika 1 au 2 zinaitosha.

5. Ipandishe, uishike kwa juu, uilinganishe na mstari. Lainisha kwa brashi kavu kutoka katikati kwenda pembeni, upepo utoke. Usivute. Karatasi mbichi ni kama mtoto mchanga, hushikwa kwa viganja, si kwa vidole.

6. Ukiona vikunjo vidogo, usihangaike navyo. Karatasi ikikauka husinyaa na kujikaza yenyewe kama ngozi ya ngoma. Asiyejua hili huibandua tena, akaichana.

7. Funga madirisha siku ya kwanza. Usiwashe jiko la mkaa chumbani ili kukausha. Hewa yake huua watu, na karatasi hupasuka kwenye maungio.

8. Usibandike juu ya swichi wala waya wa umeme. Taa ya koroboi au mshumaa ukae mbali na ukuta kwa urefu wa mkono.

Jambo la mwisho kwa wanakisomo: bandikeni maandishi yasimame wima, kwa kimo cha macho ya msomaji. Ukuta wa upande wa kitanda cha watoto uwekeni herufi kubwa na picha, chini chini. Gazeti lililobandikwa kichwa chini halimfundishi mtu.

Na zile karatasi za plastiki zinazouzwa sasa Kariakoo, zenye gundi nyuma yake? Ni nzuri kwa ukuta mkavu wa lipu. Kwa ukuta wa udongo hazifai. Ukuta wa udongo hupumua, hunywa unyevu na kuutoa. Plastiki huuziba. Unyevu ukikosa njia huozesha fito na nguzo kwa ndani.

KUBANDUA, NA MAMBO YALIYOTUPATA

Sasa turudi kwa Bibi.

Tuliwaambia watoto wake waweke mapanga chini. Tukawaeleza kwamba baba yao alibandika kwa uji wa muhogo, na uji ukilowa huachia. Tukafanya hivi, nanyi mwaweza kufanya vivyo hivyo.

Tulipiga picha ukuta mzima kwa simu kabla ya kugusa kitu. Tukaugawa kwa chaki kuwa miraba, tukaipa namba 1 hadi 24. Kila mraba tuliulowesha kwa taulo lililokamuliwa, tukalibandika juu ya karatasi kwa dakika 10 hadi 15. Kisha tukachomeka kijiti bapa cha mwanzi pembeni, tukainua polepole. Gazeti likilowa halina nguvu, kwa hiyo kila lililotoka tulilipokea juu ya kitambaa, tukalianika kivulini na kulikandamiza kwa ubao.

Magazeti yalitoka vizuri. Wino wa gazeti hauogopi maji, maana una mafuta. Watoto wa mtaa walijaa mlangoni. Bibi alikaa kwenye kigoda akitusomea kila tabaka linapofunuka. "Hili nilikuwa na mimba ya huyu. Hili ni mwaka wa vita vya Uganda. Hili nililisoma mara mia, kwa kuwa hapakuwa na jingine."

Katika mraba wa 17, chini ya tabaka la nne, tukaona karatasi yenye mistari, ya daftari la shule. Ndiyo yenyewe. Imeandikwa mwaka 1978, kwa kalamu ya wino, mbele ya mjumbe wa nyumba kumi. Pana majina ya mashahidi wawili na alama za dole gumba.

Hapo ndipo tulipokosea, na kosa ni letu sisi, si la mtu mwingine. Furaha ilituzidi. Tulipaswa kusimama. Wino wa kalamu ya zamani si kama wino wa gazeti, maji huuyeyusha. Tulipaswa kujaribu kwanza kwa tone moja pembeni, na kama wino unatembea, tukate kipande cha ukuta chenyewe pamoja na udongo wake. Ni ukuta wa kubomolewa, nani angetulaumu? Badala yake tuliweka taulo lile lile, tena halikukamuliwa vizuri. Tulipoliinua, kona ya chini ilikuwa doa la buluu.

Karatasi ilisema kiwanja kina urefu wa hatua 30 kutoka mkorosho, na upana wa hatua 1... Tarakimu ya pili ndiyo iliyokuwa katika ile kona.

Bibi aliishika mkononi muda mrefu. Hakutugombeza. Alisema tu, "Miaka yote hiyo haikuliwa na mchwa, Mwalimu." Maneno hayo yalituuma kuliko matusi.

Karatasi ilipokauka ilipelekwa mbele ya wazee wa mtaa. Jirani akaja. Mtoto wa Bibi akasoma kwa sauti, mpaka akafika kwa mashahidi. Shahidi wa pili alikuwa baba wa jirani. Jirani akaomba aione. Akalitazama lile dole gumba, akanyamaza. Kisha akasema, "Huyu ni mzee wangu. Urefu sina neno tena." Upana walipatana kufuata minazi miwili ya zamani. Watoto wa Bibi waliamini kwamba wamepoteza hatua moja au mbili. Huenda ni kweli. Hatua hizo tuliziosha sisi kwa taulo.

Ndiyo maana tunaandika somo hili. Mkibomoa nyumba ya zamani, msianze kwa sururu. Waulizeni wazee kwanza nini kiko ukutani. Pigeni picha. Bandueni kwa unyevu, si kwa maji mengi. Mkiona mwandiko wa mkono, simameni. Na kwa nyaraka za leo, ukuta si kabati. Toeni nakala, moja ikae kwa ndugu mnayemwamini, na picha ikae katika simu. Magazeti ya zamani mliyoyaokoa msiyatupe. Yawekeni makavu, yamelazwa, mbali na mwanga. Yanaweza kuwa na faida katika maktaba ya shule ya mtaa wenu. Na mkitaka kuwaonyesha watoto nyumba za asili zilivyojengwa, wapelekeni Makumbusho ya Kijiji, kando ya barabara ya Bagamoyo hapa Dar es Salaam.

Nyumba mpya ya Bibi imefika kwenye linta. Ametuambia kwamba chumba kimoja atakibandika magazeti, kwa ajili ya wajukuu. Tumemwahidi kupika gundi. Taulo amesema atalishika mwenyewe.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kusiriba: kulainisha ukuta kwa udongo mwembamba baada ya kukandika.
Timazi: uzi wenye kitu kizito, wa kupimia wima.
Kunywesha ukuta: kuupaka gundi nyepesi kabla ya kubandika.
Mpando: mahali karatasi moja inapolalia nyingine.
Shabu: chumvi nyeupe ya mawe, inayouzwa sokoni, ya kuzuia gundi isioze.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini karatasi iliyopakwa gundi inaachwa dakika chache kabla ya kubandikwa?
2. Ukuta wa chumba chako una urefu na kimo gani? Piga hesabu ya karatasi utakazohitaji. Usisahau mipando.
3. Tafuteni ufa mmoja katika nyumba ya mmoja wenu. Bandikeni ukanda wa karatasi, andikeni tarehe. Kikundi kiutazame kila wiki.
4. Sisi tulikosea wapi katika nyumba ya Bibi? Ninyi mngefanya nini?
5. Hati za kiwanja chenu ziko wapi sasa hivi? Nani mwingine nyumbani anajua?

Tukutane katika somo lijalo.